Pumba Zilizochelewa

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Vijana mliojificha huko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Nilikuja na mada yangu nimeiandika vizuri, lakini mama mmoja amenikamata hapo mlangoni hata begi sijalitua. Akaniambia: "Mwanangu, ng'ombe wangu alizaa mwezi wa kwanza, kiangazi kimeshika, nikamlisha migomba na mabua. Alianza na lita 8, zikashuka mpaka 5. Sasa mwezi wa sita majani yamejaa, pumba nimeongeza, na maziwa hayarudi. Nimekosea wapi?" Nimeona niikunje karatasi yangu, tumjibu mama.

Waliowahi kuchinja wanajua: ukikipasua kiwele hukuti mfuko uliojaa maziwa. Unakuta nyama laini yenye vitundu kama sifongo. Ndani yake mna vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila kifuko kimetandikwa ndani kwa safu moja tu ya seli. Hizo seli ndizo zinazotengeneza maziwa, na malighafi yake yote zinaichota kwenye damu. Ili ipatikane lita 1 ya maziwa, damu inayopita kiweleni ni kama lita 400 hadi 500. Kwa hiyo ng'ombe wa lita 10 anapitisha lita 4,000 na zaidi kwa siku. Halafu mtu anampa ndoo moja ya maji asubuhi, basi!

Kitu cha kwanza seli inachodai ni sukari. Inaichukua glukosi kutoka kwenye damu na kuigeuza laktosi, sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye kifuko. Sukari ikipungua, laktosi inapungua, maji hayaingii, na ndoo haijai. Lakini ng'ombe si kama sisi tunaokunywa chai ya sukari ikaingia mwilini moja kwa moja. Pumba anazokula zinachachushwa na bakteria kwenye tumbo lile kubwa, zinakuwa asidi, na ini lake ndilo linaloipika asidi hiyo kuwa glukosi. Majani yenye nyuzinyuzi yanatoa asidi ya aina nyingine, na hiyo seli inaitumia kutengenezea mafuta ya maziwa. Ndiyo maana ukimjaza pumba ukambania majani, maziwa yanaweza kuwa mengi lakini mafuta yanaanguka, na chachu ya tumbo inavurugika.

Na mgomba? Najua hapa mlimani nikiusema vibaya mgomba sitapewa hata mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini kilo 20 za shina la mgomba ulizojitwika kichwani, zaidi ya kilo 18 ni maji. Ng'ombe tumbo limejaa, seli zina njaa. Mpe, lakini mchanganyie majani ya tembo, majani ya mti wa lukina, na mashudu ya alizeti kidogo kwa ajili ya protini.

Sasa nirudi kwa mama. Seli za kiwele zinaongezeka ng'ombe akiwa na mimba, hasa miezi ya mwisho, na zinaendelea kidogo baada ya kuzaa. Maziwa yanafika kileleni kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kuanzia hapo, seli zinazokufa ni nyingi kuliko zinazozaliwa. Ng'ombe wa mama alizipita wiki hizo mwezi wa pili na wa tatu, kwenye ukame, akiyeyusha mafuta ya mwili wake ili atoe maziwa. Seli alizopoteza hazirudi mpaka uzao ujao. Chakula cha sasa kinazisaidia zile zilizobaki, nazo zina kikomo chake. Kinachozidi kinakwenda mwilini. Pumba zako, mama, hazikupotea. Ziko mgongoni kwake.

Nimemuuliza pia alimkausha lini, yaani aliacha lini kumkamua, kabla ya kuzaa. Akacheka: "Nilikamua mpaka wiki ya mwisho, watoto wanataka ada." Naelewa. Lakini ile miezi 2 ya kupumzika ndiyo kiwele kinapoziondoa seli zilizochoka na kuotesha mpya. Kamua mpaka mwisho, na uzao unaofuata unaanza na seli zilizochoka.

Kwa hiyo, mama, usimwongezee pumba sasa. Mwangalie joto, yaani anapotaka dume, apandishwe. Gunia la mashudu liweke akiba, na majani haya yaliyojaa yakate uyaanike kabla hayajakomaa. Vyote hivyo umpe wiki chache kabla hajazaa, ukianza na kidogo kidogo, na miezi 2 baada ya kuzaa usimbanie kitu. Jiwe la kulamba lisikosekane bandani, kwa sababu madini kama seleniamu yanazipa nguvu seli za kinga zinazopambana na ugonjwa wa kiwele.

Banda lake ni hapo chini tu, baada ya mfereji. Twendeni tukamshike mgongo huyo ng'ombe, na maswali mengine mniulize njiani.