Mizani ya Nani? Mhadhara kuhusu Abdulrazak Gurnah, Lindi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa barazani, karibuni.

Msimu wa korosho mmewaona wakulima ghalani. Gunia likishapandishwa, mtu hatazami tena korosho zake. Anazijua, amezianika mwenyewe. Macho yote kwenye mizani. Gurnah msomi, kwa ninavyomwelewa, ni mtazama mizani.

Wengi tulimjua kama mwandishi wa riwaya, 2021 alipopata Nobeli ya fasihi. Lakini mtoto huyu wa Unguja, aliyezaliwa 1948 na kuondoka kwenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi, alifundisha fasihi miaka mingi: Kano, Nigeria, 1980 hadi 1983, kisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Tasnifu yake ya udaktari, 1982, ilihusu vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Vigezo! Yaani kabla hujaniambia riwaya ya Mwafrika ni nzuri au mbaya, nionyeshe kwanza kibaba unachopimia, na nani alikichonga.

Tusiende mbali. Mahiwa, hapa hapa kwetu, Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipigana siku nne. Vitabu vingi huipima vita ile kwa werevu wa Lettow-Vorbeck, jenerali wa Mjerumani. Waliokufa je? Huku askari wetu wa Mjerumani; kule, pamoja na wengine, Wanigeria walioletwa kwa meli; na nyuma ya wote wapagazi, risasi na unga kichwani. Jenerali tunalijua mpaka jina la ukoo. Mpagazi hatumjui hata la kwanza.

Riwaya ya Gurnah ya 2020, Afterlives, kuhusu enzi za Mjerumani, inabadili mizani hiyo. Hamza, askari aliyerudi pwani akichechemea, anatafuta kazi na pa kulala. Majenerali wamekwishaondoka, naye bado anatafuta. Hapo ndipo Gurnah anapokaa, bila haraka.

Inaniuma kwamba haya yote aliyaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise tumeisoma kwa Kiswahili, Peponi, 2022, kwa kazi njema ya Ida Hadjivayanis, miaka 28 baada ya kutoka. Tumengoja mno.

Wanangu, mkiulizwa kwenye mtihani nani alishinda Mahiwa, jibuni mlivyofundishwa. Jumamosi nendeni kwa wazee wa Nyangao na Mtama, mkawaulize nani katika ukoo wao alibebeshwa mzigo, na aliporudi, kama alirudi, nani alimfungulia mlango.