Toeni Kokoto Chini ya Chombo

Ndugu zangu, walionisikia huko nyuma wanajua nitaanzia wapi: kokoto. Nitaanzia hapohapo, kwa sababu bado naletewa letusi, yaani saladi, iliyopandwa kwenye chombo, ina majani ya njano na mizizi iliyooza, na nikikimwaga chombo, chini nakuta tabaka la kokoto. "Niliweka ili maji yatoke," mwenyewe ananiambia. Hayatoki!

Sikilizeni. Maji yaliyoshikwa na udongo laini hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe. Vinafasi vya udongo ni vidogo, vinayang'ang'ania maji. Nafasi za kokoto ni kubwa, haziwezi kuyavuta. Kwa hiyo ule unyevu uliozidi, ambao ungetuama chini kabisa, umeupandisha kwenye mizizi. Chukueni sponji, iloweni, ilazeni bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamisheni wima: inadondosha tena. Sponji ni ileile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao ni hivyo hivyo, ukipungua kimo unabaki na maji mengi. Letusi inatosheka na kina cha sentimita 15. Ukitoa 5 kwa ajili ya kokoto unabaki na 10, na za chini zimejaa maji!

Kuna atakayesema, "Mbona mimi naweka kokoto na saladi yangu inastawi?" Inastawi kwa kuwa chombo chako ni kirefu, au humwagilii sana. Kokoto hazina sifa hapo. Cha lazima ni matundu, na chombo kisicho na tundu hakiokolewi na kokoto hata ukijaza nusu. Unaogopa udongo utamwagika? Tandika kipande cha wavu, basi.

Muda unanibana, mengine nayapitia mbiombio. Mbegu za letusi msizifukie sana. Aina nyingi hutaka mwanga ili ziote. Joto la udongo likizidi nyuzi 30 za Selsiasi nyingi hugoma kuota, kwa hiyo atikeni kivulini. Mkivuna, chumeni majani ya nje, au kateni yote sentimita 3 hivi juu ya udongo bila kugusa kiini, yatachipua tena. Shina likianza kurefuka litoe maua, majani huwa machungu, ng'oeni. Na pandeni kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, maana mche uliokatwa mara mbili tatu huchoka.

Mbolea nilikuwa nimeiandaa, lakini saa imekwisha. Tuchukue maswali.