Jinsi ya kupima presha nyumbani, na yanayotendeka ndani ya mishipa

Ndugu mtazamaji, karibu. Tunarekodi video hii Kisumu, na mezani ipo mashine ya kupima presha, ile yenye mkanda wa kufungwa juu ya kiwiko. Kabla ya kuiwasha, tazama kwanza mchoro huu wa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni.

Kwa ndani, mshipa umefunikwa na utando wa seli zilizopangwa safu moja tu, na seli hizo hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi, ambayo huulegeza msuli wa mshipa ili damu ipite kwa urahisi. Shinikizo likikaa juu kwa miaka, utando huo hudhoofika na gesi hiyo hupungua. Mshipa hubaki umekaza, kolesteroli hupenya chini ya utando, chembe nyeupe za damu huifuata, na polepole hujengeka tabaka linaloifinya njia ya damu iendayo moyoni, kwenye ubongo na kwenye figo. Kwa kawaida hayo yote hutokea bila maumivu, kwa hiyo anayengoja kuumwa na kichwa ndipo apime huenda akachelewa.

Sasa tupime. Kwa nusu saa kabla ya kipimo, usinywe chai wala kahawa na usivute sigara. Nenda pia haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Keti dakika 5 ukiwa umeegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Kukunja nne, mkao tunaoupenda mno sebuleni, huongeza namba.

Funga mkanda kwenye ngozi tupu, vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Mtazamaji wa Nakuru, najua asubuhi zenu zina baridi, lakini sweta lazima livuliwe. Laza mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo, na uhakikishe unakutosha, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli.

Bonyeza kitufe, nawe unyamaze. Hata simu usiipokee. Baada ya dakika 1 pima tena, kisha uandike vipimo vyote viwili pamoja na tarehe na saa.

Wastani wa nyumbani wa siku kadhaa ukifika 135/85 au zaidi (namba ya juu 135 au ya chini 85), peleka daftari lako kituo cha afya. Ikiwa unatumia dawa na namba zimeshuka, usiziache bila kumwuliza daktari. Lakini ukiona 180/120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea, usirudie kupima. Nenda hospitali mara moja.