Skuta, Barabara za Ndani na Maji ya Mlima

Mhadhara uliotolewa Moshi, mbele ya wamiliki wa skuta

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Nimeziona skuta zilivyopangwa pale nje, nyingi ni za cc 110 na 125, basi nitazungumza na wenye hizo tu. Mwenye pikipiki kubwa aendelee na chai yake. (Kicheko.)

Tunataka kwenda mbali kwa chombo kidogo, na tukiweza tuikwepe barabara kuu. Sababu mnaijua. Skuta inatulia kwenye 60. Basi la Dar linataka 80, halina muda wa kukusubiri, na ukisogea pembeni unakuta lami imemeguka. Kilomita 80 za Moshi hadi Arusha si nyingi, lakini ukizipita huku unatazama kioo kila dakika utafika umechoka kuliko aliyelima kutwa. Barabara za ndani zinakuondolea hofu hiyo. Zina masharti yake, na hapa kwetu sharti kubwa ni maji. Ukishajua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, nusu ya mpango wako imekamilika kabla hujagusa petroli.

Fungueni ramani kwenye simu. Tazameni Machame, kisha Kibosho. Kwa jicho ni jirani kabisa, unasema nusu saa nimefika. Sasa tafuteni Mto Weruweru hapo katikati. Karanga nao, Rau nao, Kikafu nao, yote inashuka kutoka Mlima Kilimanjaro kuelekea kusini, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Ndiyo maana barabara za Uchagani zinapanda na kushuka juu ya migongo: ya Machame yake, ya Kibosho yake, ya Uru yake, ya Old Moshi yake. Za kukatiza kutoka mgongo hadi mgongo ni chache, kwa sababu kila kukatiza kunadai daraja, na daraja ni fedha. Mstari mnyoofu kwenye ramani utakuteremsha bondeni kwa kona kali, ukupandishe upya, na baada ya dakika chache bonde lingine. Breki za skuta zinachemka, mkanda unaozungusha gurudumu unalia.

Nieleze hapo kidogo, maana wengi mmetoka kwenye pikipiki za gia. Skuta haina gia ya kukushikilia kwenye mteremko. Ukiachia mafuta na mwendo ukishuka sana, klachi inaachia, na chombo kinateremka chenyewe kama mzigo. Gusa mafuta kidogo klachi ishike, halafu tumia breki zote mbili kwa vipindi. Usiikalie breki ya nyuma kutoka juu hadi chini. Ngoma ikishika moto haikamati tena, na mtoni kuna mawe.

Kwa hiyo juu pana mabonde. Chini je? Chini ya barabara kuu, upande wa Mabogini, Chekereni na Kahe, nchi ni tambarare na mito imetulia. Mtu anapumua: hapa ndipo. Kiangazi, kweli ndipo. Unapita kando ya mashamba ya mpunga, unakwenda 40 yako, unasalimiana na watu. Lakini maji yaliyokusumbua kule juu hayajapotea. Yamekuja kulala huku, yakielekea Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Udongo mweusi ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, gurudumu dogo linagoma kuzunguka, na utaivuta skuta kwa mkono. Kuanzia Machi hadi Mei nawashauri muwaachie wakulima huko chini. Mvua za vuli zina nafuu, zinakuja na kuondoka.

Ukiliangalia hivyo, unaelewa kwa nini barabara kuu imepita palepale ilipopita: chini ya pale mabonde yanapokuwa makali, juu ya pale tope linapoanza. Wenzetu waliojenga walisoma maji. Sisi tunaoikwepa barabara yao inabidi tusome zaidi yao.

Upande wa kaskazini wa mlima, kuanzia Tarakea, Rongai, Kamwanga hadi kuzunguka kuja Sanya Juu, hadithi ni nyingine. Mvua nyingi inaangukia kusini, kwetu huku. Kule mito ya kudumu ni michache, mabonde hayana kina kile, na barabara inaweza kuambaa mlima bila kukuzamisha kila kilomita. Unachopata badala yake ni vumbi, na makorongo ambayo mwaka mzima ni mchanga mtupu, kisha siku moja yanapitisha mto. Korongo kavu lisikudanganye. Mvua inanyesha juu, wewe uko chini kwenye jua, na maji yanakukuta. Ukikuta wenyeji wamesimama kandoni wanatazama, simama nao. Usiwe wa kwanza kuvuka.

Na skuta ina udhaifu wake kwenye maji. Kile kifuniko cha mkanda, upande wa kushoto, kinavuta hewa ili mkanda upoe. Maji yakiingia humo mkanda unateleza: injini inanguruma, gurudumu halisogei, nawe uko katikati ya drifti, pale maji yanapopita juu ya barabara. Maji yakifika katikati ya gurudumu, kwangu mimi safari imeishia hapo. Zima, ngoja, au rudi. Ukiwa umevuka na unahisi mkanda unateleza, usiilazimishe. Simama, iache injini izunguke taratibu hadi ndani pakauke.

Sasa, utajuaje hali ya njia kabla hujafika? Ramani ya simu inakuonyesha mstari, haikuonyeshi kama kalavati limebebwa na maji. Jambo la kwanza, jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Ya mkoa huwa inapitiwa na greda na madaraja yake ni ya kuaminika zaidi. Ya kijijini inategemea, moja utaikuta safi kuliko ya mkoa, nyingine utakuta daraja ni magogo mawili.

La pili, uliza, ila uliza vizuri. Ukimuuliza mtu wetu, "Barabara ni nzuri?" atakujibu "Nzuri tu, nenda." Hana nia mbaya, anakutia moyo. Muulize, "Noah inafika huko?" Hilo ndilo swali. Noah ipo chini kama skuta yako. Ikipita Noah na abiria wake kumi na kitu, wewe utapita. Akikuambia huko wanakwenda kwa Land Rover na kenta, mshukuru ugeuze. Na umuulize boda wa kijiweni, siyo mwenye duka. Mwenye duka hajatoka tangu asubuhi.

Tuchukue mfano wa kuzunguka mlima wote, maana najua ndiyo ndoto ya wengi humu. Moshi, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu, Tarakea, Kamwanga, Sanya Juu, Boma Ng'ombe, nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 200. Wengi huuliza waanzie wapi. Ukianzia Himo, jua la asubuhi liko machoni, lakini jioni unarudi kutoka Boma jua likiwa mgongoni, na magari yanayokufuata yanakuona. Ukianzia Boma, unakutana na kipande kigumu, kati ya Sanya Juu na Kamwanga, ukiwa bado na nguvu. Lami imekuwa ikisogea kutoka upande wa Sanya Juu. Ulizeni imefika wapi.

Mimi nasema anzieni Himo, na msizunguke kwa siku moja. Laleni Tarakea. Si suala la uchovu peke yake. Mbele ya Kamwanga mnakatiza ushoroba wa Kitendeni, ambako tembo hupita kati ya Kilimanjaro na Amboseli kule Kenya. Tembo hupenda kutembea alfajiri, jioni na usiku. Ukilala Tarakea unapita pale saa nne au saa tano asubuhi, jua limepanda, unaona mbali. Atakayetoka Moshi asubuhi akichelewa kwa pancha mbili atapita pale giza likiingia, na taa ya skuta mnaijua wenyewe. Petroli jazeni Tarakea hata kama tangi liko nusu. Ya chupa barabarani ipo, lakini mnunuzi hajui imechanganywa na nini.

Kuna mzee ameuliza kuhusu Tanga. Shikamoo, mzee. Inawezekana, na kuna kipande kitamu sana. Hadi Same hatuna ujanja, ni barabara kuu kupitia Mwanga. Tokeni mapema. Pale Same achaneni nayo, shikeni ya Kisiwani, Maore, Ndungu, mtokee Mkomazi. Kulia kwenu mna Milima ya Pare, kushoto Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Msiingie hifadhini, pikipiki haziruhusiwi. Huku kuna magari machache na kijani ambacho hamkioni upande wa Makanya na Hedaru. Lakini kijani hicho ni maji yaleyale, yanashuka milimani na kukata barabara yenu. Kwa hiyo mzee wangu, kabla ya kutoka Same tazama mlima. Kama mvua imepiga Shengena, kilele cha Milima ya Pare, usiku kucha, agiza chai nyingine, utoke saa sita, au ulale Same siku ya pili.