Papaseni Kwanza: Mhadhara Kuhusu Mrija wa Mbegu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, madaktari na matabibu mliotoka Sengerema, Magu, Ukerewe na kwingineko kandokando ya Ziwa, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma mkidhani sitawaona: nimeombwa kuzungumzia mrija wa mbegu, ule unaosafirisha mbegu za kiume kutoka korodani, yaani maumbile yake, kasoro zake za kuzaliwa na upasuaji wake, na nimepewa dakika 40. Wanaonifahamu wanajua kwamba sehemu kubwa ya dakika hizo nitaitumia kusema jambo moja tu, na wauguzi wa wodi yangu, ambao wamelisikia mpaka limewachosha, wameshanipa jina la Mzee wa Kamba. Jina hilo nimelikubali.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanaume anayekuja kwenu kwa sababu ndoa yake haina mtoto, mpapaseni mirija yake yote miwili kwa vidole kabla ya kuandika karatasi yoyote ya maabara. Nasema kabla, kwa sababu karatasi ikishaandikwa, vidole huingizwa mfukoni na havitoki tena.

Maumbile ya korodani mmeyasoma mwaka wa kwanza na sitayarudia. Nitakumbusha njia tu. Vasi, kama tunavyouita mrija huu wodini, huanzia mkiani mwa epididimisi, kile kijimrija kilichojikunja nyuma ya korodani, hupanda ndani ya kamba ya korodani, yaani fungu la mishipa linaloishikilia korodani, hadi kinenani, hupita katika mfereji wa kinena, na ikifika kwenye tundu la ndani la mfereji huo huachana na mishipa ya damu iliyosafiri nayo, hushuka ubavuni mwa nyonga, kisha huelekea nyuma ya kibofu, ambako huungana na mrija wa kifuko cha shahawa na kuingia katika tezi dume. Kabla ya kufika nyuma ya kibofu hupita juu ya ureta, na hapo ndipo wanafunzi hubabaika kila mwaka, wasijue kipi kiko juu na kipi kiko chini. Ninyi mliotoka Sengerema mmevuka daraja la Kigongo na Busisi asubuhi ya leo: barabara ilikuwa juu na maji yalikuwa chini. Vasi ndiyo barabara, na ureta, inayobeba mkojo, ndiyo maji. Atakayekosea swali hilo katika mtihani wangu nitajua kwamba bado anangoja pantoni.

Urefu wa mrija huu ni kati ya sentimita 30 na 45, na unene wake wa nje ni milimita 2 hadi 3, ilhali tundu lake la ndani halizidi nusu milimita. Sehemu iliyobaki yote ni misuli, matabaka matatu: la ndani na la nje yamelala kwa urefu, na la kati limezunguka kama pete. Ukuta huo mnene ndio unaosukuma mbegu wakati wa kumwaga, na ndio pia unaotufaa sisi wapapasaji, kwa kuwa katika kamba ya korodani hakuna kitu kingine chenye ugumu wa namna ile. Nendeni Mwaloni, pale Kirumba, mkamwombe fundi nyavu kipande cha kamba nyembamba ya nailoni, mkiviringishe ndani ya kitambaa laini pamoja na nyuzi za pamba, kisha mkibane kwa dole gumba na kidole cha shahada mkiwa mmefumba macho. Nyuzi hubonyea na kupotea, lakini kamba huteleza, hukataa kubonyea, kisha hurudi palepale. Anayeijua kamba hiyo kwa vidole haihitaji picha.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia bwana mmoja kutoka visiwani, fundi wa nyavu, akiwa na bahasha ya kaki iliyolegea kwa kufunguliwa na kufungwa. Alikuwa ameoa mara mbili. Mke wa kwanza alikaa naye miaka minne bila kupata mimba, akarudishwa kwao, ng'ombe wa mahari wakadaiwa, na huko alikoolewa tena akazaa. Mke wa pili alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, ameinamisha kichwa kama mshtakiwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na vipimo vinne vya shahawa, vilivyofanywa katika nyakati tofauti na maabara tofauti, na vyote vinne vilisema maneno yaleyale: ujazo nusu mililita, pH 6.5, mbegu hazikuonekana. Humo pia mlikuwa na majibu ya homoni yaliyo sawa, picha ya ultrasaundi ya korodani iliyo sawa, vyeti vya dawa za UTI visivyohesabika, na, lililonikera kuliko yote, ripoti ya kinyama kilichokatwa kutoka korodani, iliyosema kwamba mbegu zinatengenezwa vizuri kabisa. Mwenzetu mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, alimpasua mtu huyu kabla ya kumshika.

Nilimwomba asimame, nikapasha mikono joto, nikampapasa. Korodani zilikuwa kubwa na imara kama zinavyotakiwa. Kichwa cha epididimisi kilikuwepo, tena kimejaa. Juu yake, mahali ambapo kamba ilipaswa kuteleza kati ya vidole vyangu, vilipita vitu laini vitupu, upande wa kulia na wa kushoto vilevile. Kazi hiyo haikuchukua dakika mbili, nayo ilitosha kuutambua ugonjwa.

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake: wavu wako umeshonwa vizuri, samaki wamo, lakini kamba ya kuuvutia haikuwahi kufungwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Daktari, haikukatika?" Nikamjibu kwamba haikukatika, haikuwahi kuwepo tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Akazikunja karatasi zake moja baada ya nyingine, akazirudisha katika bahasha kwa mpangilio uleule, ndipo akasema, "Basi yule mama wa watu nilimwonea." Hakuuliza tena kuhusu dawa. Alitoka nje akaketi kwenye benchi karibu na mkewe, na kwa dirishani niliona wamekaa pale kwa muda mrefu.

Sasa rudini kwenye karatasi zile nne, maana jibu lilikuwa limeandikwa humo tangu siku ya kwanza. Zaidi ya nusu ya ujazo wa shahawa hutoka katika vifuko vya shahawa, na majimaji ya vifuko hivyo si ya tindikali, tena yana sukari ya fruktosi. Vifuko hivyo na vasi vimechipuka kutoka mrija mmoja wa mimba changa, ule unaoitwa mrija wa Wolff, kwa hiyo vasi ikikosekana pande zote mbili, mara nyingi vifuko navyo huwa havipo au vimedumaa. Kinachobaki ni majimaji kidogo ya tezi dume, ambayo yana tindikali. Shahawa chache, zenye tindikali, zisizo na mbegu, kwa mwanaume mwenye korodani za ukubwa wa kawaida: au njia imeziba karibu na tezi dume, au vasi hazipo, na vidole ndivyo vitakavyowaambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Najua mtasema kwamba hali hii ni adimu. Kati ya wanaume wanaotafuta mtoto bila kupata, ni kama mmoja au wawili katika kila 100. Mnaoendesha kliniki mhesabu wenyewe ni wangapi waliopita mbele yenu, na ni wangapi mliowashika. Mtasema pia kwamba wanaume wa huku wana haya, na kwamba tabibu wa kike hawezi kumpapasa mzee wa Kisukuma. Nimefundisha matabibu wa kike wengi, na sijaona mzee aliyekataa alipoelezwa kwa heshima, mlango ukafungwa, akaulizwa kwanza. Mwenye haya mara nyingi ni tabibu, naye humsingizia mgonjwa. Wengine wenu mnategemea ultrasaundi, lakini mpiga picha hutafuta kile mlichomwandikia atafute, na ninyi mmemwandikia korodani tu.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja: kuna faida gani kumjulisha mtu kwamba hana mrija, ikiwa mrija hauwezi kutengenezwa? Ni kweli, hakuna mpasuaji anayeweza kuunga kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Lakini mkishajua, mtaacha kumlisha dawa za bakteria, mtaacha kumkata korodani, na mke wake ataacha kubeba lawama isiyo yake. Tena mbegu zipo. Zinaweza kuvutwa kwa sindano kutoka epididimisi au korodani na kudungwa moja moja ndani ya yai, njia ambayo mimba zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1992 na madaktari wa Brussels, Ubelgiji. Ni njia ya gharama kubwa, silifichi hilo, lakini mtu ana haki ya kujua kwamba mlango upo hata kama leo hana nauli ya kuufikia.

Kabla ya kuufikia mlango huo kuna suala la jeni. Wengi wa wanaume wasio na vasi zote mbili wana hitilafu katika jeni ya CFTR iliyo kwenye kromosomu ya 7, jeni iliyogunduliwa mwaka 1989 na ambayo, ikiharibika zaidi, huleta ugonjwa mzito wa mapafu na kongosho uitwao saistiki faibrosisi. Karibu wanaume wote wenye ugonjwa huo hawana vasi. Fundi wangu wa nyavu hakuwa na kikohozi hata kidogo, na hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi wao: hitilafu yao ni nyepesi, imeugusa mrija tu. Msiniambie kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, kwa sababu hitilafu za jeni hiyo zimepatikana kwa Waafrika pia. Mke naye apimwe, kwa kuwa wote wawili wakiwa na hitilafu hiyo, mtoto anaweza kuzaliwa na ule ugonjwa mzito.

Anayekosa vasi upande mmoja tu ni habari nyingine, na huyo mtamkosa kabisa msipopapasa, kwa sababu anazaa kama kawaida kwa upande wa pili. Kumbukeni ule mrija wa Wolff: karibu na wiki ya tano ya mimba hutoa chipukizi, na chipukizi hilo ndilo huwa ureta na kuiamsha figo. Mrija ukiharibika mapema, kabla chipukizi halijatoka, vasi na figo ya upande huo hukosekana pamoja. Zaidi ya robo ya wanaume hawa wana figo moja tu, na wengi hawajui. Hapo ndipo ultrasaundi inapostahili gharama yake, lakini ipigwe kwenye figo. Afadhali mtu ajue kwamba ana figo moja akiwa amekaa ofisini kwenu kuliko ajulie chumba cha upasuaji baada ya ajali ya bodaboda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kasoro nyingine nitazipita mbio. Vasi mbili upande mmoja ni jambo adimu sana, lakini mtakayemfunga uzazi akaendelea kutoa mbegu, likumbukeni. Vasi inayoishia mahali pasipo pake, kwenye ureta au kibofu, hukutwa zaidi kwa watoto waliozaliwa na kasoro za njia ya haja kubwa. Mkipapasa vasi yenye vinundu kama shanga zilizotungwa, fikirieni kifua kikuu. Kwa anayetoka Misungwi au Kwimba, ambako kichocho cha mkojo kipo, damu katika shahawa isiitwe kaswende kabla mkojo haujapimwa.

Upasuaji nao ulistahili saa nzima. Katika ngiri ya mtoto mchanga, vasi ni nyembamba kama uzi na imeshikamana na mfuko wa ngiri: msiibane kwa koleo hata mara moja, isukumeni pembeni pamoja na utando wake, kwa sababu mkiiponda, upande wa pili utalificha kosa lenu, na atakayeligundua ni mtu mzima wa miaka 30 ambaye hakumbuki hata kwamba alipasuliwa. Kufunga uzazi kwa mwanaume bila kisu, njia iliyoasisiwa na Li Shunqiang huko China mwaka 1974, ni kazi ya dakika chache. Hakumalizi nguvu za kiume, kwa kuwa homoni hupita kwenye damu na wala haipiti kwenye vasi. Msimruhusu mtu aache kinga nyingine kabla ya miezi 3 na kipimo kinachoonyesha kwamba mbegu zimekwisha. Na msimwahidi kwamba akibadili nia ataungwa kwa urahisi. Taarifa ya Marekani ya mwaka 1991 ilionyesha mbegu zikirudi kwa asilimia 97 ya walioungwa ndani ya miaka 3 tangu wafungwe, na kwa asilimia 71 ya walioungwa baada ya miaka 15 au zaidi, lakini wapasuaji wale walifanya kazi chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Na mimba zilikuwa chache kuliko hizo.

Pale mlangoni, juu ya meza, kuna mifuko miwili ya kitambaa niliyoishona mwenyewe jana usiku, ndiyo maana mishono yake imepinda. Mmoja una kamba pande zote mbili, mwingine una kamba upande mmoja tu. Wanafunzi hamtoki hapa kabla hamjaipapasa bila kuchungulia, mkamwambia muuguzi aliyesimama pale ni mfuko upi, na ni upande upi usio na kamba.