Katakana za Nusu Upana: Alama 63 Zinazokataa Kustaafu

Ndugu wanafunzi, nanyi walimu wenzangu mliokaa huko nyuma, karibuni. Mada ya leo ni nyembamba kwelikweli: alama 63 za katakana, mwandiko wa Kijapani unaoandika silabi, zile zilizobanwa kama zimekosa pumzi, ｱ ｲ ｳ ｴ ｵ. Wajapani huziita hankaku, yaani "nusu upana". Wenzao wanene ni hawa: ア イ ウ エ オ. Sauti ni zilezile, lakini kompyuta inaziona kama herufi tofauti kabisa.

Mwaka 1969 Japani ilitoa kiwango cha kitaifa cha misimbo ya herufi, ambacho sasa kinaitwa JIS X 0201. Baiti moja ina nafasi 256, na nusu ya kwanza ilikwisha kukaliwa na herufi za Kilatini, tarakimu na alama. Kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, ziko maelfu, kwa hiyo hazikuwa na pa kuingia. Katakana ndiyo iliyopewa nusu ya pili. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara: mistari yake imenyooka, inasomeka hata kwenye printa ya vidoti vichache, na Wajapani walikwisha kuizoea katika telegramu.

Wakabana matumizi zaidi. Herufi ガ, yaani "ga", ni カ "ka" iliyowekewa vistari viwili. Katika kiwango hicho vistari vikapewa msimbo wao wenyewe, hivyo "ga" moja ikawa alama mbili zinazofuatana: ｶﾞ. Hapo ndipo matatizo mengi ya waandishi wa programu yanapoanzia, tutayaona.

Na huo upana wa nusu? Kiwango chenyewe hakikuutaja. Ulitokana na skrini. Kanji zilipopata kiwango chao mwaka 1978, kila moja ilichukua baiti mbili, na kwenye skrini ikachorwa katika vyumba viwili. Katakana za zamani zikabaki na chumba kimoja kimoja. Msimbo wa Shift JIS ulipokuja, uliziacha mahali pake, kuanzia A1 hadi DF (namba za baiti katika hesabu ya msingi wa kumi na sita), ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka. Unicode, orodha ya misimbo ya herufi za lugha za dunia, nayo ikazibeba, kuanzia U+FF61 hadi U+FF9F.

Barua pepe ndiko zilikoleta vituko. Msimbo wa barua za Kijapani, ISO-2022-JP, ulikuwa wa biti saba na haukuzitambua kabisa. Seva ya zamani ikiifuta biti ya nane ya kila baiti, ｱ ambayo ni B1 inageuka 31, na 31 ni tarakimu "1". Fanyeni hesabu wenyewe: umeandika "a i u e o", mwenzako anapokea "12345". Ndiyo maana watu wa mtandao Japani walikuwa wakionyana wasizitumie.

Benki hazikuziacha. Mfumo wa Zengin, unaounganisha benki za Japani tangu mwaka 1973, umezoea majina ya wateja kwa herufi hizi, na katakana ndogo, kama ュ, hugeuzwa kuwa kubwa, ﾕ. Juma akifungua akaunti huko, jina lake ni ジュマ, lakini kwenye uhamisho wa fedha linaweza kutokea ｼﾞﾕﾏ. Ukilisoma lilivyo, ni "Jiyuma". Fedha zinafika, msiwe na wasiwasi.

Kichekesho ni kwamba siku hizi hazibanii nafasi hata kidogo. Katika UTF-8, namna ya kuhifadhi Unicode kwa baiti, ガ nene inakula baiti tatu. Ile nyembamba, ｶﾞ, inakula sita, kwa sababu herufi na vistari kila kimoja kinadai baiti tatu zake.

Kwa hiyo ukiandika programu ya kutafuta majina, usilinganishe herufi kama zilivyoingia. Kuna kanuni ya Unicode iitwayo NFKC: itageuza ｶﾞ kuwa ガ. Lakini ifanyie kazi kwenye nakala ya kutafutia tu, kwa kuwa inagusa na mengine. ① kwa mfano inageuka 1 ya kawaida. Jina lililotoka benki lihifadhiwe kama lilivyokuja, maana siku ya kulirudisha benki watalitaka lilelile jembamba. Na zile fomu za Kijapani zinazomfokea mteja kwa kujaza upana usiotakiwa, mimi nauita uvivu wa mwandishi wa programu. Mashine inaweza kugeuza yenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo.