Nobu ya Besi Ikigoma: Mhadhara kwa Vijana wa Umeme wa Magari

Habari za asubuhi, vijana wangu. Leo tunazungumzia kifaa kidogo kwenye muziki wa gari: ile nobu ya besi, yaani kitufe cha kuzungusha, inayofungwa karibu na dereva, huku amplifaya yenyewe ikikaa nyuma kwenye buti. Nimeichagua kwa sababu mteja akija na kusema, "Fundi, besi imekufa," wengi wetu tunamwambia anunue amplifaya nyingine. Mara nyingi amplifaya ni nzima. Kilichokufa ni nobu au waya wake, na mtu wa watu anakwenda Kariakoo kumwaga hela bure. Hilo linaniuma sana.

Nobu hizi ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Ya kwanza inapandisha na kushusha sauti yote inayokwenda kwenye sabufa, yaani spika ya besi. Ya pili inanyanyua masafa machache tu ya chini, mara nyingi karibu na Hz 45, yaani mitetemo 45 kwa sekunde. Hii ya pili ukiizungusha huku unapiga wimbo wa gitaa na sauti za waimbaji, husikii mabadiliko yoyote, na utaapa kwamba imekufa. Kwa hiyo soma kwanza maandishi yaliyo ubavuni mwa amplifaya, kisha weka wimbo wenye besi ya kweli. Tazama pia swichi ya kuchuja masafa. Ziko amplifaya ambazo nobu haifanyi kazi mpaka swichi hiyo iwe kwenye LPF, yaani chujio linalopitisha masafa ya chini tu, na mzigo ukisukumwa kwenye buti unaweza kuihamisha bila mwenye gari kujua.

Jaribio la kwanza halihitaji hata mita ya kupimia umeme. Zima redio, chomoa waya wa nobu kwenye amplifaya, kisha washa tena sauti ikiwa chini. Nasisitiza kuzima, maana kuchomoa muziki ukiwa unapiga kunaweza kutoa kishindo cha kuumiza spika. Kwa nobu za aina ya kwanza, amplifaya nyingi zikichomolewa nobu hurudi kwenye nguvu yake yote. Besi ikirudi, tatizo liko kati ya ile soketi na mkono wa dereva. Isiporudi, achana na nobu. Nenda kwenye nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye spika, na kwenye menyu ya redio, kwa sababu redio nyingi zina mahali pa kuzima sabufa.

Sasa waya. Huu hupita chini ya kapeti, na adui yake ni reli ya kiti. Kila dereva akisogeza kiti, reli inaubana pale pale, mpaka nyuzi za ndani zinakatika huku ganda la nje likionekana zima. Shika waya, uchezeshe taratibu kutoka mbele kwenda nyuma huku mwenzako anasikiliza. Besi ikija na kupotea, umefika penyewe. Na msikimbilie waya wa simu ya mezani kwa kuwa tu plagi inaingia. Nyingi za hizo zimegeuzwa: pini ya kwanza upande huu inatokea ya mwisho upande wa pili. Ziweke plagi mbili sambamba, zikielekea upande mmoja, ulinganishe rangi za nyuzi. Kisha linganisha na waya uliokuja na amplifaya.

Nobu yenyewe hii hapa, nimeifungua, isogezeni muione. Ule mstari mweusi uliopinda ni kaboni, na hicho kijiti cha bati kinatembea juu yake. Oneni hapa katikati kaboni ilivyochubuka: ndipo dereva alipozoea kuiacha. Chomoa nobu, weka mita kwenye ohm, mguu wa kati na mmoja wa pembeni, uzungushe polepole. Namba ipande bila kuruka. Ikiruka kidogo na spika inakwaruza, dawa ya kusafishia swichi huenda ikatosha. Ikikatika kabisa, badilisha.

Lakini kubadilisha si kuokota nobu ya kampuni nyingine. Kuna za ohm 10,000 na kuna za ohm 50,000, mpangilio wa pini unatofautiana, na baadhi zinabeba umeme wa kuwasha taa yake ndogo. Ukichomeka isiyo yake unaweza kuunguza amplifaya iliyokuwa nzima, na hapo deni ni lako.

Ukishatengeneza, zungusha nobu mpaka mwisho ndipo urekebishe geini, ile skrubu ya amplifaya inayopanga ukuzaji wa sauti, kwa bisibisi, sauti ikianza kupasuka urudi nyuma kidogo. Ukiiweka geini nobu ikiwa katikati, siku dereva akiifungua nobu yote anaweza kuchoma koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika.

Mezani kuna nobu nne na nyaya zake. Moja tu ni nzima. Chukueni mita, anzeni na nyaya.